Mzabibu Wakati wa Ukame: Kusoma Dalili za Jani Lililoacha Kutengeneza Chakula

Malalamiko ya wakulima wa zabibu wakati wa ukame hufanana sana: majani yanalegea mchana, machipukizi yamedumaa, majani ya chini yamegeuka manjano, vishada havikolei sukari. Dawa inayokimbiliwa kwanza huwa ni mbolea au sumu ya kupulizia, na mara nyingi haileti nafuu, kwa sababu tatizo halikuanzia kwenye lishe wala kwa wadudu. Limeanzia kwenye jani lenyewe, ambalo limejifunga ili lisikauke. Mwongozo huu unazifuata dalili hizo kwa jinsi zinavyojitokeza shambani, na chini ya kila dalili unaanza na sababu iliyo ya kawaida zaidi na uchunguzi usiohitaji kifaa chochote.

Kinachotokea ndani ya jani

Jani la mzabibu hutengeneza sukari kwa kutumia nuru ya jua, maji na hewa ukaa, kazi inayoitwa usanisinuru. Hewa ukaa huingia kupitia stomata, yaani vitundu vidogo mno ambavyo kwa mzabibu karibu vyote viko upande wa chini wa jani, na ni kupitia vitundu hivyohivyo maji hutoka yakiwa mvuke. Mmea hauna njia ya kuruhusu hewa iingie bila kupoteza maji. Udongo unapokauka, homoni iitwayo asidi ya absisiki huongezeka kwenye mmea, seli mbili zinazolinda kila kitundu hulegea, na kitundu hufungwa. Maji huokolewa, lakini usanisinuru hupungua kwa kukosa hewa ukaa, ingawa mitambo yote ya ndani bado ni mizima.

Hiyo ndiyo hatua ya kwanza, nayo hurekebishika. Ukame ukizidi, jani lililofungwa huendelea kupokea nuru nyingi kuliko linavyoweza kuitumia. Na kwa kuwa halitoi tena mvuke wa kulipoza, joto lake hupanda kupita joto la hewa. Usanisinuru wa mzabibu hufanyika vizuri zaidi kati ya nyuzi 25 na 30 za Selsiasi, na hushuka sana joto la jani likipita nyuzi 35. Hapo klorofili na vimeng'enya huanza kuharibika, na maji pekee hayarudishi kila kitu kilichopotea. Watafiti hupima uwazi wa stomata kwa milimoli za mvuke zinazotoka katika mita mraba moja ya jani kwa sekunde: kipimo cha zaidi ya 150 kwenye mwanga kamili huonyesha mzabibu usio na shida au wenye shida ndogo, kati ya 50 na 150 ni ukame wa kadiri, na chini ya 50 ni ukame mkali ambapo uharibifu wa hatua ya pili hutarajiwa. Mkulima hahitaji kumiliki kifaa cha kupima hivyo. Anahitaji kujua kwamba kuna hatua mbili, na kwamba rangi ya jani, ambayo wengi huiangalia kwanza, hubadilika mwishoni kabisa.

Machipukizi yameacha kurefuka, majani bado ni ya kijani

Hii ndiyo dalili ya mapema kuliko zote, na ndiyo inayopuuzwa zaidi kwa sababu shamba linaonekana zuri. Ukuaji wa chipukizi hutegemea seli changa kujaa maji na kutanuka, kwa hiyo husimama kabla usanisinuru haujapungua kwa kiasi cha kuonekana. Sababu ya kawaida ni udongo kuanza kukauka katika kina chenye mizizi mingi. Inayofuata ni umri wa msimu: mzabibu wenye mzigo mkubwa wa matunda hupunguza kurefuka wenyewe, hasa zabibu zikianza kubadilika rangi, na hilo si kosa. Upungufu wa naitrojeni huja baada ya hayo, nao hutambulika kwa majani yote kupauka. Sababu ya nadra zaidi ni mizizi iliyobanwa na tabaka gumu la udongo au kushambuliwa na minyoo fundo, yaani vinyoo vidogo mno vinavyofanya mafundo kwenye mizizi.

Uchunguzi ni rahisi. Shika ncha ya chipukizi na ukunje kuelekea juu majani mawili ya mwisho yaliyokwisha kufunguka. Ncha ikitokeza juu ya majani hayo, chipukizi linakua. Majani yakiifunika, ukuaji umepungua. Ncha ikiwa imekauka au imedondoka, ukuaji umekwisha. Rudia kwenye machipukizi yapatayo 30 yaliyotawanyika shambani, andika hesabu, kisha urudi wiki inayofuata kwenye mistari ileile. Angalia pia vikono vya juu, yaani nyuzi ambazo mzabibu hujishikizia: katika mzabibu wenye maji ya kutosha hunyooka na kupita ncha, na vinapoanza kuning'inia au kukauka mapema, udongo umekwisha kutoa onyo.

Kinachofuata kinategemea wakati. Dalili ikionekana kabla ya maua kuchanua au wakati matunda yanatunga, mwagilia bila kusubiri, kwa sababu majani ambayo hayakuota sasa hayatakuwepo kulisha vishada baadaye, na machipuko ya matunda ya msimu ujao yanaanza kuumbwa ndani ya macho, yaani vichipukizi vilivyolala, katika kipindi hichohicho. Ikionekana baada ya matunda kutunga, kwenye zabibu za divai, kusimama kwa machipukizi si hasara. Wakulima wengi hukusudia hivyo, kwani majani hubaki yakifanya kazi huku sukari ikielekezwa kwenye matunda. Kwa zabibu za mezani, ambazo ukubwa wa tunda ndio thamani yake, uvumilivu huo haufai. Kwa hali yoyote, usiweke mbolea ya naitrojeni kwenye udongo mkavu: chumvi zake huongeza ugumu wa mizizi kuvuta maji yaliyobaki.

Majani yanalegea mchana

Kwanza lazima kujua kama majani husimama tena. Nenda shambani kabla ya jua kuchomoza. Majani yaliyolegea saa nane mchana na kukutwa yamesimama imara alfajiri ni ya mzabibu ambao mizizi yake haiwezi kwenda na kasi ya hewa kavu ya mchana, lakini usiku hujaza pengo. Majani yanayokutwa yamelegea alfajiri yanasema kwamba hata usiku hakuna maji ya kuvuta, na hiyo ni hali ya haraka.

Uchunguzi wa pili ni wa kiganja. Katikati ya asubuhi, siku yenye jua na upepo mdogo, bana jani lililo kwenye jua kati ya viganja viwili. Jani linalotoa mvuke huhisiwa la baridi. Lililofunga stomata huhisiwa la vuguvugu au la moto, hata kama halijalegea. Linganisha na jani la mzabibu ambao una hakika umepata maji. Si kipimo cha maabara, lakini ukikizoea kitakuambia mapema kuliko macho.

Ukishajua kwamba stomata zimefungwa, tafuta maji yamekwamia wapi. Mara nyingi maji yapo juu tu. Chimba shimo la sentimita 60 kando ya mstari, si kwenye kitako cha shina, na ubonyeze udongo wa kila kina mkononi. Shamba linalomwagiliwa kidogo kila siku huwa na tope sentimita 15 za juu na vumbi chini yake, ambako mzabibu una mizizi yake ya kutegemewa. Hapo si lazima kuongeza kiasi cha maji. Kinachotakiwa ni kuyaunganisha, yaani kumwagilia mara chache kwa muda mrefu. Milimita moja ya maji ni lita moja kwa kila mita mraba, kwa hiyo mzabibu uliopewa nafasi ya mita 2 kwa 3 unahitaji lita 60 ili eneo lake lote lipate milimita 10. Wengi wakifanya hesabu hiyo hushangaa udogo wa kile walichokuwa wakikitoa.

Baada ya hapo kagua mipira ya matone. Weka chombo chini ya tundu kwa dakika 6, pima, kisha uzidishe kwa 10 upate lita kwa saa. Pima mwanzo, katikati na mwisho wa mstari. Mwisho ukitoa kidogo kuliko mwanzo, ama shinikizo halitoshi ama mpira umeziba. Safisha chujio, fungua ncha za mipira na uache maji yatoke kwa nguvu hadi yawe safi. Magugu na mimea ya kufunika udongo nayo hunywa kabla ya mzabibu, basi ikatwe na mabaki yalazwe kama matandazo ya sentimita 5 hadi 10 bila kugusa shina.

Kuna sababu mbili ambazo hufanana na ukame ilhali si ukame. Ya kwanza ni udongo uliotuama maji: mizizi ikikosa oksijeni haivuti maji, na majani hulegea huku miguu ya mmea ikiwa kwenye tope. Ndiyo maana hairuhusiwi kuongeza maji kabla ya kuchimba. Ya pili ni ugonjwa wa shina. Mzabibu mmoja ukinyauka ghafla kwa siku chache pamoja na vishada vyake, wakati majirani zake ni wazima, acha kumwagilia na umwite mtaalamu wa magonjwa ya mimea. Kuvu wanaoozesha mbao za ndani husababisha kifo cha aina hiyo, hasa siku za joto kali, na mikasi ya kupogolea isiyosafishwa inaweza kuueneza ugonjwa.

Majani ya chini yanageuka manjano na kupukutika

Hapa ndipo makosa mengi hufanyika, kwa sababu umanjano una lugha nyingi. Wa ukame huanza kwenye majani makongwe yaliyo chini ya chipukizi, husambaa karibu sawasawa kwenye jani zima, na hufuatwa na kupukutika. Mmea unarudisha naitrojeni kutoka kwenye majani hayo na kupunguza eneo linalopoteza maji. Ukiona hivyo, na ncha za machipukizi zimesimama wiki kadhaa nyuma, huna haja ya kutafuta zaidi.

Umanjano ulio katikati ya mishipa, wenye umbo la kabari, huku mishipa na sehemu zilizo jirani nayo zikibaki za kijani kwenye majani makongwe, ni wa upungufu wa magnesi. Ukionekana kwenye majani machanga ya juu, mishipa ikiwa kama wavu wa kijani juu ya kitambaa cha manjano, ni wa chuma, na hutokea zaidi kwenye udongo wenye chokaa nyingi. Vidoa vidogo vilivyopauka ambavyo baadaye huungana na kulipa jani rangi ya shaba ni kazi ya utitiri. Geuza jani, utazame upande wa chini kwa kioo cha kukuzia, na utafute wadudu na utando. Utitiri hustawi penye vumbi na ukame, kwa hiyo matatizo mawili yanaweza kukaa kwenye jani moja. Kwenye zabibu nyekundu, majani yanayojikunja kuelekea chini na kuwa mekundu huku mishipa ikibaki ya kijani ni dalili ya virusi. Havina tiba, mimea hiyo isitoe vipandikizi vya kubebeshea, na uthibitisho wake hutoka maabara.

Likishathibitika kuwa ni ukame, mkulima hujaribiwa kuondoa majani ya manjano na kuendelea kufungua vishada. Ningemshauri asiguse. Majani yaliyobaki ndiyo kiwanda pekee kilichopo, na vishada vilivyozoea kivuli vikifunguliwa ghafla kwenye jua kali la alasiri huungua ndani ya siku moja.

Kingo za majani zimeungua

Kingo za kahawia zilizokauka huweza kutokana na ukame mkali pekee, na kwa kawaida zitakuwa zimetanguliwa na dalili zote zilizotajwa. Zikijitokeza shambani ambako maji hayajakosekana, shuku chumvi. Mzabibu wa kawaida huanza kupoteza mavuno pale upitishaji umeme wa dondoo la udongo ulioshiba maji, ambao ndio kipimo cha chumvi, unapopita desisimensi 1.5 kwa mita, na kisima kinachokauka mara nyingi hutoa maji yenye chumvi zaidi kadiri msimu unavyosonga. Chumvi huushikilia mmea katika ukame wa bandia: maji yapo, lakini mizizi inashindwa kuyavuta. Peleka sampuli za maji na za udongo maabara kabla ya kujaribu kuisafisha kwa umwagiliaji mwingi, kwani bila mifereji ya kutolea maji chumvi itapanda juu tena.

Potasiamu nayo huunguza kingo inapokosekana, na ukame huizuia isifike mizizini hata kama udongo unayo. Uchambuzi wa vikonyo vya majani huamua, kubahatisha hakuamui. Madoa makavu yaliyo upande wa jua pekee, yaliyotokea baada ya siku moja au mbili za joto kali, ni kuungua kwa jua. Kupulizia unga laini wa kaolini, yaani udongo mweupe, uliochanganywa na maji hurudisha sehemu ya nuru na kupunguza joto la jani, lakini huacha weupe kwenye matunda, jambo lisilopendeza kwa zabibu za mezani zinazokaribia kuvunwa.

Sukari haipandi, zabibu zinasinyaa

Kabla ya kulilaumu jani, tenganisha mambo mawili. Refraktomita, kifaa kidogo cha kupimia sukari kwenye maji ya zabibu, husoma ukolezi na si kiasi. Tunda likipoteza maji, kipimo chake, kiitwacho Briksi, hupanda bila chembe moja ya sukari kuongezeka. Kila wiki pima Briksi pamoja na uzito wa zabibu 100 zilizochumwa kutoka vishada mbalimbali. Briksi ikipanda na uzito ukishuka, unachokiona ni kukauka. Zote mbili zikisimama, majani yameacha kulisha.

Sababu ya kwanza ya sukari kusimama ni stomata kufungwa sehemu kubwa ya siku, kisha mzigo usiolingana na majani. Kilo moja ya zabibu huhitaji takribani mita mraba moja ya majani yanayofanya kazi ili iive vizuri, na neno la kuzingatia hapo ni kufanya kazi: jani linalofunga stomata kuanzia saa nne asubuhi halihesabiki zima. Kuondoa sehemu ya vishada husaidia likifanywa kabla au mwanzoni mwa kubadilika rangi. Baada ya hapo faida hupungua haraka.

Kusinyaa nako kuna wakati wake. Kabla ya kubadilika rangi, tunda huunganishwa na mmea hasa kupitia mishipa ya maji, huweza kusinyaa mchana na kujaa tena usiku, na maji yakirudi hupona. Baadaye maji huingia zaidi pamoja na sukari kupitia mishipa ya chakula, na tunda lililosinyaa karibu na mavuno halirudi lilivyokuwa. Kulimwagilia ghafla kwa wingi wakati huo huleta hatari ya kupasuka na kuoza.

Maji yamerudi, mzabibu haujarudi

Baada ya ukame mdogo, stomata hufunguka na usanisinuru hurudi ndani ya siku moja hadi chache. Baada ya ukame mkali, subiri zaidi ya wiki moja kabla ya kutoa hukumu, na usitarajie majani makongwe yarudie uwezo wao wote. Sababu mojawapo ni mapovu ya hewa yaliyokata nyuzi za maji ndani ya mishipa. Vikonyo vya majani huathirika mapema kuliko mashina, jambo ambalo lina manufaa yake: mmea hutupa majani na kulinusuru shina.

Kwa hiyo, mzabibu uliopukutisha majani yote usiung'oe. Kwaruza gome la tawi kwa ukucha; rangi ya kijani chini yake ina maana kwamba tawi li hai. Hata hivyo wanga uliohifadhiwa kwenye mizizi na shina utakuwa mdogo, hivyo msimu ujao uchipuaji utakuwa dhaifu na usio sawa. Pogolea kwa kuacha macho machache zaidi, na baada ya mavuno ya mwaka wa ukame endelea kumwagilia majani yaliyobaki ili yajaze akiba hiyo.

Aina nazo hutofautiana. Grenache hufunga stomata mapema, ilhali Syrah huziacha wazi muda mrefu zaidi na kuruhusu jani lipungukiwe maji. Kwa hiyo Grenache huweza kuonekana salama huku ikitengeneza sukari kidogo. Shina la chini lenye mizizi, ambalo aina hizo hubebeshwa juu yake, nalo hubadilisha picha: kati ya mashina hayo, 110 Richter na 140 Ruggeri huvumilia ukame, Riparia Gloire huteseka mapema. Tofauti hizi hutegemea pia udongo, basi zisichukuliwe kama sheria.

Kupima, na wakati wa kumwita mtaalamu

Pale ambapo uamuzi wa kumwagilia una gharama kubwa, chemba ya shinikizo, kifaa kinachopima jinsi maji yanavyovutwa kwa nguvu ndani ya mmea, ndiyo mwamuzi anayeaminika; kadiri thamani inavyokuwa hasi zaidi, ndivyo kiu inavyozidi. Jani hufungwa kwenye mfuko usiopitisha nuru wala mvuke kwa muda wa saa moja, kisha hukatwa saa sita mchana na kupimwa. Thamani iliyo juu ya hasi 0.6 megapaskali ni ya mzabibu ulioshiba, kati ya hasi 0.9 na hasi 1.1 ni ukame wa kadiri ambao zabibu za divai huweza kunufaika nao, na chini ya hasi 1.4 ni ukame mkali. Kifaa hutumia gesi iliyoshindiliwa na kinaweza kumrushia mtu kipande cha kikonyo jichoni, asiyefunzwa asikitumie.

Acha kujitibia na utafute mtaalamu dalili zikibaki wiki mbili baada ya udongo kulowa hadi sentimita 60; zikienea kwa duara kutoka sehemu moja ya shamba, jambo linaloashiria minyoo fundo, filoksera (mdudu mdogo anayeshambulia mizizi) au ugonjwa wa mizizi; au zikifuata upuliziaji wa dawa ya magugu shamba la jirani. Hitilafu ya umeme wa pampu iachiwe fundi umeme, na kisima kilichopungua maji kisiingiwe na mtu. Mtaalamu atakapofika, mpe hesabu zako za ncha za machipukizi, vipimo vya matone na uzito wa zabibu 100 kwa tarehe zake, pamoja na majani yaliyochumwa asubuhi hiyo: makongwe, ya katikati na machanga, kila kundi kwenye mfuko wake.